Nilivyofuata Nyayo za Maksai Wangu Hadi Machimbo ya Tupendane

Nilikuwa nimekumbatia gogo ndani ya shimo. Wachimbaji wanaliita timba. Wanalikaza kutoka ukuta hadi ukuta ili udongo usiwafukie, na aliyelikaza lile simjui lakini namwombea kila ninaposali. Chini yangu giza. Vijiwe nilivyobomoa kwa miguu vilianguka, vikaendelea kuanguka, ndipo nikasikia chubwi! Maji, mbali huko. Juu yangu ilikuwa mbingu ya mviringo, jua la saa sita limesimama katikati, na vichwa vya watu vimeizunguka kama nzi kwenye mdomo wa chungu.

"Mchawi! Mfukieni huyo mchawi!"

Mmoja alikuwa ameinua kiroba cha mawe hadi kifuani, anangoja wenzake waseme ndiyo. Na katikati ya vichwa vile nilikiona kimoja ninachokijua. Mwita Tindi, mtoto wa kijijini kwetu Gorong'a, mikono yake ina mafuta ya nyama hadi kwenye viwiko. Ni yeye aliyeanza hilo neno. Na pale juu ni yeye peke yake aliyejua kabisa kwamba mimi si mchawi, na kwamba nilichokuwa nakifanya hata bibi yake alikifanya.

Sasa nyie wenzangu mliokuja kunipa pole, kila anayeingia ananiambia, "Wankuru, hebu anza tena mwanzo, mimi sikusikia." Nimechoka kurudia kwa mdomo. Nimekaa na kalamu. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo pale nilipokosea soma hivyo hivyo. Lakini majina nayataja, yote. Simwogopi mtu tena, maana shimo nimeshaliona.

GORONG'A, ZIZI LIKO WAZI

Alfajiri Robhi alitoka kwenda kukamua, nikasikia ndoo imeanguka. Kabla sijauliza, yowe! Robhi ana sauti, mnamjua. Ng'ambo ya pili walimsikia.

Kwa atakayesoma hii na si wa kwetu: Robhi ni mke wangu. Mume wangu alikufa akaniacha sina mtoto wa kiume, nikatoa ng'ombe nikaoa, ndivyo kwetu mwanamke anavyofanya nyumba yake isife. Watoto wa Robhi wananiita mimi baba wakifurahi na bibi wakikasirika. Nyumba nzima ilikuwa inakula kwa maksai wawili, Jeshi na Mweupe. Jeshi mweusi, mkubwa, mvivu asubuhi lakini akishaanza kulima haachi. Mweupe ana pembe moja, nyingine aliivunja akigombana na mti. Mvua zilikuwa karibu. Bila wale wawili ni jembe la mkono, na shamba letu mnalijua lilivyo na mawe. Zizi lilikuwa wazi, miti imepangwa pembeni vizuri kama aliyefungua ni mwenyewe.

Wanaume wakaja na mikuki na marungu. Shemeji yangu Marwa, mdogo wa marehemu, alikuja na pikipiki na miwani ya jua, jua lenyewe halijatoka.

"Ng'ombe wakiibwa huku wanakwenda Sirari," akasema. "Kuna mtu hajui? Nawatangulia mpakani. Wakifika nimeshakaa pale."

"Shemeji, hujaangalia hata chini."

"Chini kuna nini? Mimi naangalia mbele." Akapiga teke pikipiki, akaondoka.

Chini aliangalia Mzee Muhiri. Huyo anajulikana kwa vitu viwili, kusoma nyayo na kulalamika. Akavuta ugoro wake, akapiga chafya, akaonyesha kwa fimbo. "Huyu wenu ana ukwato umepasuka, mguu wa mbele wa kushoto."

"Huyo ni Jeshi," nikasema. "Alikanyaga jiwe wakati wa palizi."

"Basi Jeshi hakwenda Sirari. Amegeuka kusini, mtoni. Na mimi tumbo linaniuma, sijui nani atanipa chai."

Nikaingia ndani, nikafunga kanga ya pili kiunoni, nikachukua bakuli langu la bati na unga kidogo. Nilipotoka wanaume wakanitazama. Mmoja akasema kwa heshima, "Mama, mwanamke hafuati nyayo."

"Sawa. Nitajie mwanaume wa nyumba yangu, aende yeye."

Robhi akanikabidhi fimbo. Tukaondoka.

VIJIJI VILIVYOPOKEA

Jamani, sijawahi kutembea vile! Miaka yote nimekaa hapa, safari yangu ndefu ilikuwa Tarime mjini kwenda kuuza mahindi, na sasa nafukuza wezi mchana kweupe na fimbo ya Robhi mkononi! Miguu ilikuwa inauma lakini moyo unaruka.

Kwetu nyayo zina sheria, na sheria hiyo hata mtoto anaijua. Nyayo za ng'ombe wa wizi zikiingia kwenye ardhi ya kijiji, kijiji hicho kinazipokea. Watu wake wanatoka, wanakagua, wanachukua mbele, wanazisindikiza hadi zitoke upande wa pili. Hapo wanawakabidhi wenzao. Na kijiji ambacho nyayo zimeingia na hazikutoka, hicho ndicho kinajibu. Ama kimtoe mwizi, ama kitoe ng'ombe. Ndiyo maana mtu unalala na mlango wa kamba.

Kijiji cha kwanza walitupokea vizuri. Shikamoo, marahaba, poleni, haya twende. Wanawake walitoka na ugali wa mtama na maziwa ya mgando, tukala tumesimama. Mzee Muhiri akala akiwa amechuchumaa juu ya unyayo ili mbuzi wasiukanyage.

Kijiji cha pili walikuwa wakali. Mwenyekiti wao alisimama njiani amekunja mikono.

"Nyie mmewaswaga wenyewe mpaka huku, mkaja kututegea. Tunawajua."

"Tata," nikamwambia kwa heshima, kama baba, "njoo uone mavi. Bado yana joto?"

"Nije nishike mavi yako?"

"Ya maksai wangu! Weka kidole. Kama yangekuwa ya kutegea ningewaletea makavu, ningepata wapi mabichi?"

Watu wakacheka. Akainama akagusa kwa kidole kimoja kama anagusa pasi. Kisha akawaambia vijana wake, "Mura, leteni mikuki. Zimepita humu kweli." Wakatusindikiza wakiimba. Nawaambia tulikuwa kundi! Vumbi letu ungeliona toka mlimani.

Hapo ndipo simu ya mmoja wetu ikalia. Shemeji Marwa, yuko Sirari. Sauti juu, nyuma yake muziki na honi za malori.

"Nimewakamata! Wote wawili! Wako ng'ambo huku Isebania, upande wa Kenya, nimeongea na jamaa mmoja, ameniambia tulia boss, hao ng'ombe hawaendi popote. Rudini nyumbani!"

Watu wakapiga vigelegele. Nikaomba simu.

"Shemeji, huyo Mweupe ana pembe ngapi?"

"Pembe? Si mbili! Ng'ombe ana pembe ngapi?"

"Shemeji, Mweupe ana pembe moja."

"Mbona unaanza maswali? Mtandao unakata. Halo? Halo?"

Mtandao haukukata, alikata yeye. Lakini mwanaume akishasema nimewakamata, nani anamsikiliza mwanamke anayehesabu pembe? Wenzetu wa Gorong'a wakageuza, wanacheka, wanapongezana. Niliwaita mpaka koo likakauka. Baadaye tulikuja kujua kwamba hakuna ng'ombe wowote aliowakamata. Alikuwa amekaa kwenye nyama choma na marafiki zake wa mpakani, akaonyeshwa ng'ombe kwenye lori, mmoja mweusi na mmoja mweupe, basi. Nimemwandika Marwa humu kwa sababu kama lile kundi lingefika nami machimboni Tupendane, nani angethubutu kunigusa?

Alibaki Mzee Muhiri. Nikamuuliza kwa nini yeye hakurudi.

"Mimi nyayo ninaziona ziko hapa," akasema. "Nirudi kwenda kutazama simu?"

KUVUKA MTO MARA

Wenyeji wa kando ya mto walitufikisha kwenye kivuko cha mawe. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, maji yamepungua, lakini mto Mara ni mto Mara. Viboko walikuwa bondeni kidogo, tunawaona masikio. Mamba tuliambiwa yuko mmoja tu wa kuangalia, kana kwamba mmoja ni habari njema.

Ng'ombe walikuwa wameteremshwa pale pale, kwato zimeteleza kwenye tope. Yule aliyewaswaga aliijua njia. Hapo niliwaza, huyu mwizi si wa mbali.

Mzee Muhiri, msomaji wa nyayo wa Gorong'a nzima, akagoma. Kumbe anaogopa maji! Ameificha siri hiyo maisha yake yote juu mlimani.

"Tangulia wewe, nitakuona ulivyofanya."

"Ukishaniona nimeliwa utafanyaje?"

"Nitarudi niwaambie."

Mwisho alishika ncha ya kanga yangu kama mtoto wa kike anayekwenda sokoni na mama yake, akafumba macho, mwanaume mzima, tukavuka jiwe kwa jiwe huku anasali kwa sauti. Katikati nikateleza, maji hadi mapajani, akapiga kelele zaidi yangu! Watu wa ng'ambo walikuwa wameshika tumbo kwa kucheka. Tulipokanyaga mchanga akafumbua macho, akainama, akanyoosha fimbo. "Huyu hapa Jeshi," akasema, kama hakuna kilichotokea.

MUGUMU, HALAFU ISSENYE

Vijiji vya Serengeti vilitupokea pia, kimoja baada ya kingine, ingawa Kiswahili chetu na chao kinagongana na kila watu wana lugha yao. Karibu na Mugumu nyayo zikaingia barabara ya changarawe na zikaanza kupotea chini ya matairi. Tukawa tunatafuta pembeni, mmoja kulia, mmoja kushoto, vumbi la malori linatufunika.

Ndipo ikasimama toyo, ile pikipiki ya miguu mitatu ya mizigo, imejaa kamba, mabuti ya mpira na tochi za kichwani. Mwenyewe alikuwa amevaa kofia ya kufuma, mtu wa makamo, akatusalimia kwa upole.

"Mama, mmepoteza nini barabarani?"

Nikamweleza. Jina lake Sefu, ana duka Mugumu, baba yake alitoka Pwani na yeye kazaliwa hapo hapo. Akatikisa kichwa.

"Nitakwambia ukweli, mama yangu. Zamani ng'ombe walikuwa wanakwenda mpakani. Siku hizi kuna rashi, mbele ya Issenye. Dhahabu imetoka, watu wamemiminika, wanaita Tupendane. Watu wale wote wanakula nyama asubuhi, mchana na jioni. Ng'ombe akiingia asubuhi, jioni ni mifupa. Nani atauliza ametoka wapi? Pandeni niwapeleke."

Mimi nikanyanyua mguu nipande. Mzee Muhiri akakataa. "Tukipanda, nyayo zimekufa. Tukifika huko tutasema tumefuata nini, moshi?"

Ni kweli. Ukiruka kipande, kijiji cha mbele kina haki ya kukukatalia. Sefu akatuachia maji na mkate, akatangulia. Sisi tukaendelea kuinama kama watu waliodondosha sindano.

Issenye tuliingia mchana wa siku iliyofuata, tumechoka, tumechafuka. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Walipomsikia Mzee Muhiri anavyoongea wakajua sisi ni Wakurya, watu tunaosemwa kwa wizi wa ng'ombe, na mama mmoja mnene mwenye mwavuli akasema kwa sauti ili wote wafaidi:

"Mnafuata ng'ombe? Wakurya? Tangu lini ng'ombe wanawakimbia Wakurya?"

Kicheko kilichotoka pale! Hata mchungaji alicheka. Nami sikumwacha.

"Mama, sisi tukiiba tunaacha hata mlango umefungwa. Hawa wameacha wazi, si fundi wa kwetu!"

Akacheka hadi mwavuli ukaanguka. Basi ndiyo akatupeleka kwake, akatuosha miguu kwa maji ya moto, akapika kuku. Kesho yake wanaume wa Issenye walizichukua nyayo wakakaza mwendo pamoja nasi hadi kwenye kilima. Chini yake tukaona mji wa maturubai, ya bluu, meusi, ya machungwa, na kelele za karasha zinasaga mawe kama meno.

Kiongozi wao akasimama. "Zimeingia humo. Sisi mwisho wetu hapa."

"Mtatukabidhi kwa nani?"

"Mama, hilo ndilo tatizo. Humo hakuna anayepokea."

TUPENDANE

Mimi nilikuwa nimefurahi! Acheni niseme kweli, nilikuwa nimefurahi kama niliyefika harusini. Nimefuata nyayo toka Gorong'a na hazijanipotea! Tukateremka.

Sijaona mahali kama pale. Kila mtu ana haraka. Kuna saluni, kuna duka la simu, kuna kanisa la turubai na msikiti wa turubai, choo sikuona. Watu wamepakwa vumbi jeupe hadi kwenye kope, wanatembea na mawe begani kama wamebeba watoto. Na maduara, mashimo yao, yako katikati ya nyumba, midomo wazi, mengine wameshayaacha bila hata kuyaziba. Mtoto akicheza vibaya amekwenda. Mama lishe mmoja aliniambia, "Usipite upande wa maduara, mama. Hapa wanaamini mwanamke akikaribia dhahabu inakimbia." Nilimsikia. Lakini mimi sikufuata dhahabu.

Tulikuwa na njaa. Kwenye bucha moja kulikuwa na sufuria kubwa ya supu. Nilipoomba maji, muuzaji akainua kichwa.

"Mama! Wewe ni wa Gorong'a!"

"Wewe nani?"

"Mwita, wa mzee Tindi, nyuma ya shule. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu!" Nikamshika mikono yote miwili. Nilikaribia kulia. Mtoto wa nyumbani, mahali kama pale! Nikamweleza yote bila kuficha. Zizi, ukwato uliopasuka, pembe moja, mto. Alikuwa anakoroga sufuria, anaitikia, "Pole mama. Eeh. Watu wabaya sana." Kisha akatupakulia. "Nimetia kichuri, kama cha nyumbani. Kunyweni, kwa mama yangu siuzi." Ile ladha chungu ya nyongo, ya kwetu kabisa, ikanirudishia nguvu. Mzee Muhiri akarudia bakuli.

"Ng'ombe humu hawajapita," Mwita akatuambia. "Jaribuni upande wa mtoni, kwenye walo, wanapooshea dhahabu."

Tulitoka tukiwa tumeshiba, tumempa baraka. Na hatukufika mbali. Nyuma ya bucha, kando ya mdomo wa duara lililoachwa, kulikuwa na tope la maji ya kuoshea. Na kwenye tope, safi kama umepiga muhuri: ukwato, mguu wa mbele wa kushoto, umepasuka.

"Jeshi!" nikapiga kelele.

Mzee Muhiri akasema, "Usiache ukanyagwe. Mimi namtafuta mkubwa wa hapa aje apokee." Akaenda.

Nikafanya kama tunavyofanya wote. Nikachuma majani, nikauzungushia unyayo, nikaufunika, na juu nikafudikiza bakuli langu la bati. Nikachomeka tawi pembeni, ili mtu akitoka mbali aone kuna nyayo zinalindwa. Nikachuchumaa nikangoja.

Mnajua mkubwa wa pale alikuwa wapi? Anaitwa Baraka Songoro, wanamwita mwenyekiti. Alikuwa ananyolewa ndevu. Mzee Muhiri alimwamkia, akamweleza, naye akasema, "Ngoja kinyozi amalize." Akamaliza upande mmoja. Akamaliza wa pili. Akapakwa mafuta.

Mimi nikaona wachimbaji wanasimama. Wawili, halafu wengi. Wananitazama, mwanamke mgeni, amechuchumaa mdomoni mwa duara, amefunika kitu ardhini kwa majani na bakuli, amechomeka tawi. Hawakuwa watu wa kwetu, wangejuaje? Mmoja akauliza, si kwa ubaya, "Mama, unafanya nini hapo?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na nyuma yao akatokea Mwita, na kisu cha bucha.

"Mchawi!" akapaza sauti. "Namjua, anatoka kwetu! Anafukia dawa! Mnadhani kwa nini shimo la jana halikutoa kitu?"

Nilimtazama. Akanitazama. Nikamwambia kwa Kikurya, "Mwita, wewe unajua hii ni nini." Hiyo ndiyo ilinimaliza, maana wakasikia natamka maneno wasiyoyajua. Mtu akanivuta kanga, mwingine akanisukuma begani, na ardhi ikaisha.

KAMBA

Pale kwenye timba nilipokuwa, mguu wa kulia ulikuwa hauniitikii tena. Yule mwenye kiroba cha mawe alikiinua. Nikafumba macho.

Badala ya mawe nikasikia sauti ya upole, sasa imekuwa ya ukali. "Weka chini! Weka chini nakwambia! Huyo mama namjua, nimeongea naye barabarani!" Sefu. Alikuwa amekuja kuuza mali yake, akasikia kelele. Akasukuma watu kwa mabega na kofia yake ikaanguka. "Anafuata ng'ombe wake! Mnataka kuua mtu kwa sababu ya bakuli? Funueni muone!"

Hakuna aliyetaka kufunua. Waliogopa! Wanaume wanaoingia ardhini kila siku, wakaogopa bakuli langu la uji.

Mzee Muhiri ndiye alifika anakimbia, akalinyanyua. Halafu nikamsikia anavyowafokea, "Hii ni dawa? Huu ni unyayo wa ng'ombe!" Na Sefu akateremsha kamba, mpya, bado ina harufu ya duka, akaifunga kwenye toyo, wakanivuta.

Nilipotoka hawakuweza kunitazama. Yule mwenye kiroba, kijana mrefu, akakimbilia nyuma ya bucha peke yake bila kutumwa. Akarudi ameshika miguu ya ng'ombe, ile inayowekwa ya makongoro, imefungwa pamoja. Akaichambua. Akachukua mmoja, akapiga magoti, akaupachika kwenye unyayo.

Uliingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile supu. Nikatapika mbele ya watu wote, Mzee Muhiri naye, tumeinama sambamba kama tunatafuta nyayo.

Mweupe alikuwa hai, vichakani, amefunikwa magunia, anatafuna. Aliponisikia akalia. Mwita hayupo. Watu wakataka kuchoma bucha, na mtu alikuwa ameshapata kiberiti. Nikawakataza. "Msichome. Mkichoma mtasema mmemaliza. Mimi nataka mtu anijibu."

Ndipo Baraka Songoro akafika, ndevu safi, ananukia.

"Mama, umepona na ng'ombe umepata. Mshukuru Mungu, nenda."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Ameliwa."

"Kaliwa na nani?"

"Na sisi sote," akasema, akacheka. "Hata wewe."

Sikulia. Nikamwambia, "Nyayo zimeingia kwako, hazikutoka. Zipokee."

"Hapa si kijiji, mama. Hapa ni eneo la kazi. Mimi si mzee wa mila."

Yule kijana mrefu, aliyetaka kunifukia, akasema mbele ya watu: "Mwenyekiti, Mwita ameondoka na pikipiki yako. Ufunguo alikuwa nao." Baraka akamwambia anyamaze. Sefu akasikia, Mzee Muhiri akasikia, wachimbaji wote wakasikia. Nami nimeandika.

KURUDI

Sefu alinirudisha kwa toyo hadi Mugumu, nikafungwa mguu. Mzee Muhiri alirudi kwa miguu na Mweupe, na vijiji vyote vilivyotupokea vikampokea tena, na mtoni, nasikia, alimshika Mweupe mkia akafumba macho. Watu wa Issenye walituma kuku wawili na pole. Shemeji Marwa alikuja na miwani yake akaniambia, "Shemeji, si nilikwambia urudi?" Robhi alimfukuza na mwiko.

Sasa mvua zimeanza. Robhi anajaribu Mweupe peke yake na nira imepinda upande mmoja, anazunguka tu, na mimi nimekaa mlangoni na mkongojo nawatazama. Majirani wanalima. Wanasema tushukuru uhai. Nashukuru. Lakini uhai ule walitaka kunipokonya kwa neno la mtu aliyeninywesha ng'ombe wangu mwenyewe akaniita mama, na huyo mtu anatembea.

Mwita Tindi, baba yako yupo nyuma ya shule, ameinamisha uso tangu habari ifike. Rudi umwambie wewe mwenyewe ulichokisema pale juu ya shimo.

Na wewe Baraka Songoro. Ugomvi wa duara lipi ni la nani unaamua wewe. Nani ajenge turubai wapi unaamua wewe. Mgeni akija kuchimba anakuamkia wewe kwanza, na kila duara likitoa mawe sehemu yako inatengwa. Kwenye kuchukua una kijiji. Kwenye kujibu huna? Watu waliojazana kwako wana watoto wanaocheza kando ya mashimo, wana mali, wana roho. Siku mtu akipaza sauti "mchawi" juu ya mmoja wao, watamkimbilia nani, kinyozi?

Baraza la Gorong'a limekubali kukungoja. Vijiji vyote vilivyopokea vimesema vitatuma mashahidi, hata yule wa mavi. Njoo na maksai anayefaa kufungwa na Mweupe, au njoo na Mwita. Ukikosa vyote viwili, njoo mikono mitupu, usimame mbele ya watu, uniambie mimi Wankuru kwa mdomo wako: nyayo za Jeshi zimeishia kwako, nani anazijibu?